Mia na Themanini ya Nini

Shija aliandika 180, akaenda kunywa chai.
Akilini mwake zilikuwa sekunde:
dakika tatu za kompresa kupumzika
kila umeme ukikatika Kirumba na kurudi,
gesi itulie mabombani, ndipo iwashwe tena.
Kiini cha mfumo hakikuwamo akilini mwake.
Kilisoma 180, kikahesabu tiki,
tiki mia kwa sekunde,
kikalala sekunde moja nukta nane,
kikaamka, kikawasha.

Jumanne ile umeme ulikatika mara sita.
Mara ya sita kompresa ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza,
na alfajiri Bi Nyabuso alifungua chumba cha baridi
akakuta kilo mia nne za sangara
macho yameingia ukungu.
Hakutukana. Aliuliza tu:
"Hiyo mashine yenu haijui kuhesabu?"

Inajua. Haijui kingine ila hicho.
Sisi ndio tuliipa namba uchi,
kama mtu aingie Mwaloni aseme "nipe tano,"
asiseme ndoo, asiseme kisado,
muuzaji ampimie kwa chombo kilicho karibu na mkono.

Usiku nikaufungua msimbo wote.
Nikakuta mengine.
Milisekunde kumi na tano, gawanya kwa kumi:
jibu ni moja, na ile tano
haipo. Ukigawanya namba nzima, baki haibaki.
Mwaloni tano hiyo ingegombewa;
hata dagaa aliyedondoka kwenye turubai ana mwenyewe.
Nikakuta kaunta ya biti thelathini na mbili
inayojaa siku ya hamsini, ikarudi sifuri
kama haijawahi kuishi.

Mama akapiga kutoka Nansio.
"Jana nilikungoja saa nne," akasema, "hukupiga."
Nikakosa la kujibu. Saa nne ipi?
Kwetu saa nne ni mahali ndani ya usiku,
na saa nne ni urefu pia;
neno moja limebeba nukta na kamba.
Pale mama anaposema nne
simu yangu inaandika ishirini na mbili.
Tunapishana hivyo usiku na mchana,
na hatujawahi kukosana:
kutoka nne hadi saba ni tatu kwake,
kutoka ishirini na mbili hadi moja ni tatu kwangu.
Nukta ndizo zinazogombana.
Kamba haina kesi.

Basi nikaunda aina mbili.
Moja nikaiita Wakati, ya pili Muda.
Wakati ukitoa Wakati, unapata Muda.
Wakati ukijumlisha na Wakati, kompaila inagoma,
na ina haki: Jumanne jumlisha Jumatano ni nini?
Ndani ya Muda kuna nanosekunde tu, biti sitini na nne.
Dakika tatu za Shija sasa ni bilioni mia na themanini,
na ghala hilo halijai
kabla ya miaka mia mbili tisini na mbili.
Kompresa itakuwa kutu. Mimi sijui nitakuwa nini.
Na kwenye kugawanya, panda juu, usishuke.
Aliyeombwa alale, alale walau hivyo:
kuzidi ruksa, kupungua mwiko.

Shija alisoma, akakuna kisogo.
"Mistari yote hii kwa ajili ya dakika tatu?"
"Kwa ajili ya sangara."
Akafuta 180 yake mwenyewe, polepole,
tarakimu moja moja, kuanzia sifuri.

Jumapili mama akapiga tena.
"Unakuja lini? Utakaa?"
"Karibuni," nikasema. "Nitakaa kidogo."
Laini ikawa kimya, nikasikia kuku wake,
na mtu anapasua kuni.
"Kidogo kiasi gani?"
"Siku nne, mama."
Nikafikiri kidogo.
"Walau."